Kumlinda Mfalme Aliye Pembeni

Ndugu msikilizaji, tandaza ubao wa sataranji tuendelee. Mfalme wako umekwisha kumficha pembeni, na ngome iko ubavuni pake na vitunda vitatu mbele yake. Sasa malkia na farasi wa adui wanamjia. Utafanyaje?

Tazama alivyofanya Capablanca wa Kuba, mjini New York, mwaka 1918. Marshall, Mmarekani, alimweka farasi wake mahali ambapo kitunda kingeweza kumla. Chambo hicho! Kitunda cha ulinzi kikitoka, mlango u wazi. Capablanca hakumgusa. Alimleta malkia wake karibu na mfalme, kisha akasukuma kitunda cha katikati, ili kete zilizolala nyuma zipate njia.

Hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Tukiogopa, twasukuma vitunda vya mbele ya mfalme. Na kitunda, kama ujuavyo, hakirudi nyuma.

Marshall hakuacha kushambulia. Mfalme akalazimika kutoka pembeni, nyumba moja moja, hata akafika upande wa pili wa ubao. Akapona, na Capablanca akashinda kwa hatua 36.

Kwa somo lijalo: panga kete zako, umwombe mwenzio ashambulie, nawe usisukume kitunda cha ulinzi hata kimoja.