NAFASI YA INCHI TANO
Hotuba juu ya lifti za nyumbani, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imenitaka niseme maneno machache juu ya mawazo ya wakili ninayemwandikia hati, ambaye kazi yake ni kuwadaia fidia watu walioumizwa kwa uzembe wa wengine. Najua baadhi yenu huwafananisha mawakili wa namna hiyo na tai wanaozunguka mzoga. Sikuja kuwatetea, wao hulipwa kwa kutetea. Nimesimama kwa sababu chama hiki kina mayaya, wapishi, wasafishaji na walinzi wanaoshinda katika majumba ya watu, na baadhi ya majumba hayo siku hizi yana lifti ndani. Tena wapo wanachama wenye mabinti huko Marekani, wanaolea watoto na kutunza wazee katika nyumba zenye mitambo hiyo hiyo.

Lifti ya ofisini twaijua sote: milango yake hufunguka na kufungana pamoja, yenyewe. Lifti ya nyumbani aghalabu si hivyo. Mlango wake wa nje mara nyingi ni wa mbao, wenye bawaba, kama mlango wa chumba cha kulala, nao hufunguliwa kwa mkono. Nyuma yake upo mlango wa pili, au wavu wa kukunja, ulioshikizwa katika kile chumba kidogo kinachopanda na kushuka. Kati ya milango hiyo miwili hubaki nafasi. Mtu mzima haenei hapo, na kwa hiyo haifikirii kamwe. Mtoto mdogo huenea. Hufungua mlango wa nje, akaingia, akauvuta ukafungika nyuma yake, naye ule wa ndani hajaufungua. Mtu wa ghorofa nyingine akabonyeza kitufe. Mashine haina macho. Huuliza tu kama milango yote miwili imefungwa, na kweli imefungwa. Basi huondoka. Yanayofuata sitayaeleza mbele ya wazazi.

Kwa miaka mingi kanuni za mafundi wa Marekani ziliruhusu nafasi hiyo ifike inchi 5, yaani karibu sentimita 13. Katika toleo la mwaka 2016 ilipunguzwa hadi inchi 4. Lakini kanuni mpya haiingii yenyewe katika nyumba ya zamani. Mwezi wa Agosti 2019 Tume ya Usalama wa Bidhaa ya nchi hiyo ilitoa onyo. Mwezi wa Julai 2021 ikafungua mashitaka juu ya kampuni ya thyssenkrupp Access kwa ajili ya lifti zipatazo 16,800, ikitaja mtoto wa miaka miwili aliyefariki mwaka 2017 na mwingine wa miaka mitatu aliyepata kilema cha kudumu mwaka 2010. Siku chache baadaye, mwezi huo huo, mtoto wa miaka saba akafa kwa lifti katika nyumba ya kukodi ya likizo huko North Carolina. Jimbo hilo likatunga sheria mwaka 2022 ya kuwalazimisha wenye nyumba za namna hiyo kuipunguza nafasi hiyo.

Hapa ndipo wakili wangu huvua miwani yake. Yatazameni majibu, asema. Mtengenezaji hudai kuwa mashine yake ni nzima, kosa ni la aliyeweka mlango. Aliyeweka mlango humtaja mjenzi. Mjenzi husema alifuata ramani, na mwenye nyumba husema yeye alinunua tu. Kila mmoja wao ana wakili wake, na kesi huchukua miaka. Sheria kwa kweli haijakosa neno: tangu hukumu ya mwaka 1932 iliyotoka Scotland, juu ya konokono katika chupa ya kinywaji, mtengenezaji huwajibika hata kwa mtu ambaye hakumwuzia kitu, na mahakama zetu za Kenya huifuata kanuni hiyo. Sisi tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayotaka lifti ya mahali pa kazi ichunguzwe kila miezi sita. Na aliyeumizwa kwa uzembe asisahau kwamba ana miaka mitatu tu ya kufungua madai. Nimeona mafaili yaliyoletwa yakiwa yamechelewa. Hakuna ufasaha unaoweza kuyafufua.

Lakini fidia, hata ikipatikana yote, huhesabiwa kwa shilingi. Dawa ya jambo hili ni kipande cha plastiki au cha chuma kinachopigiliwa upande wa ndani wa mlango wa nje, kikaijaza nafasi. Fundi hukiweka kwa muda mfupi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii imesemwa mikutanoni hata imechakaa, ila leo nazungumza juu ya ufa wenyewe, unaopimwa kwa rula.

Basi wakili wangu aliniuliza swali ambalo sikupenda kulisikia. Chama chenu, alisema, huchangia nini? Nikamjibu kwa fahari: jeneza, gari la kusafirisha maiti, chakula cha wafiwa. Akauliza, na kabla ya maiti? Fungueni ukurasa wa hesabu katika kijitabu hiki, mtaona kwamba safu hiyo haipo.

Siombi tuache kuzika watu wetu. Hakuna atakayeniunga mkono, nami nisingependa aniunge. Naomba kitu kidogo. Mpira mgumu wenye upana wa inchi 4, karibu sentimita 10, ukiweza kuingia kati ya mlango wa nje na ule wa ndani, mtoto naye ataingia. Yaya au mlinzi akiuona umeingia, amwambie bwana au bibi wa nyumba siku hiyo hiyo, na lifti ifungiwe umeme mpaka fundi afike. Asiyethubutu kusema peke yake amjulishe Katibu, nasi tutaandika barua kwa jina la chama. Kuiandika ni juu yangu, bila malipo.

Natoa hoja kwamba sehemu ndogo ya mchango wa mwaka ujao itengwe kwa kuchonga mipira hiyo ya mbao kwa seremala wetu, na kwamba wanachama wawili, mmoja wao mwanamke anayefanya kazi ya yaya, wachaguliwe leo hii kuigawa.