Pengo moja, njia nne

Mazungumzo ya leo yanahusu jino.

Miaka michache iliyopita nililetewa kashata za njugu kutoka Unguja. Jino langu la mbele, la juu, ambalo mshipa wake ulikuwa umekwisha kufa zamani, likavunjika hadi ndani ya ufizi. Mzizi haukuokoleka, ukang'olewa. Kwa mwenye kazi nyingine hilo lingekuwa jambo la sura tu. Kwa mtangazaji ni jambo la riziki: jaribu kutamka "thamani" na "dhahabu" pasipo jino la mbele, uone neno linavyogeuka filimbi. Mwanya, Waswahili tunausifu, lakini pengo hufichwa kwa kiganja.

Daktari aliniambia kwanza kwamba si kila pengo lazima lizibwe. Gego la mwisho likitoka, wengi hutafuna vizuri bila badala yake. Ila pengo lililo katikati aghalabu huleta taabu: meno ya jirani huinama kulielekea, la upande wa pili hurefuka, na mfupa wa taya mahali pale hupungua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia nyepesi kwa mfuko ni jino la bandia la kuvaa na kuvua, lililoshikizwa kwenye kipande cha plastiki au madini. Halihitaji jino jingine kuchongwa. Huvuliwa usiku ili ufizi upumzike, na halioshwi kwa maji yanayochemka, kwani plastiki hupinda. Likivunjika, usiligandishe kwa gundi ya dukani. Kipande kilicholegea chaweza kumezwa au kuingia njia ya hewa. Nilivaa la namna hiyo miezi kadhaa, nikisubiri kidonda kipone na ufizi utulie. Mwanzoni nilihisi kama nina sarafu mdomoni.

Njia nyingine ni daraja. Daraja la kawaida hukaa juu ya meno ya jirani, ambayo huchongwa pande zote ili yavikwe taji. Ikiwa meno hayo ni mazima, hiyo ni gharama isiyoonekana kwenye risiti, kwa maana jino lililochongwa halirudi lilivyokuwa. Lipo pia daraja la bawa, ambalo hubandikwa nyuma ya jino moja tu la jirani, pasipo kuchonga au kwa kuchonga kidogo sana.

Na ndipo tunafika kwenye kipandikizi, ambacho jamaa zetu wengi wa Ghuba na Ulaya hukiulizia kabla ya kingine. Asili yake ni Sweden. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi mfupa wa sungura unavyopona, akitumia vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa, akakuta mfupa umevishikilia. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimtibu Gösta Larsson, mtu aliyekuwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye, akiwa bado na vipandikizi vyake.

Kazi yenyewe ni skrubu ya titani kuingizwa mfupani, kusubiri miezi kadhaa ishikane, kisha taji kufungwa juu yake. Hayaguswi meno ya jirani. Lakini uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya kushindwa. Kijana ambaye taya lake bado linakua hafanyiwi. Na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa sharti amweleze daktari mapema. Kipandikizi hakitoboki kama jino, ila ufizi na mfupa unaokizunguka huugua usiposafishwa.

Ndiyo maana nina shaka na safari za juma moja za kwenda nchi ya mbali kupandikizwa kwa bei nafuu. Skrubu ikilegea mwaka ujao, nani ataifunga? Ukienda, rudi na maandishi yenye jina la mtengenezaji na ukubwa wa skrubu, maana vifaa vya kampuni moja mara nyingi haviingiliani na vya nyingine.

Hapa England, huduma ya afya ya taifa hugharimia vipandikizi kwa wachache wenye sababu maalumu za kitabibu. Meno ya bandia na madaraja humo katika daraja la tatu la malipo, ambalo tangu Aprili 2025 lilikuwa pauni 326.70. Kwa kipandikizi kimoja, kliniki binafsi niliyoiulizia ilitaka zaidi ya pauni 2,000. Nami nilikuwa na karo ya mpwa wangu Tanga.

Nikachagua daraja la bawa. Limekwisha kubanduka mara moja, nikitafuna muhogo wa kuchoma, likabandikwa tena asubuhi ya pili. Jioni ile nilisoma taarifa ya habari nikiwa nimevaa lile jino la plastiki, ambalo kwa bahati nilikuwa sijalitupa.

Hadi juma lijalo, kwaheri.