FICHENI MLANGO, MSIFICHE JINA

Hotuba iliyosomwa Kilimarondo, wilaya ya Nachingwea, mbele ya wanachama wetu wa visiwani walioko huko



Tunakuleteeni salamu za wenzenu wa Unguja na Pemba. Leo hatukuja kuzungumza khabari ya kura wala ya viti. Tumekuja kwa ajili ya barua.

Afisi yetu hupokea barua za wanachama waliotawanyika bara, zikiwamo zenu nyinyi mnaokaa huku kwa biashara ya korosho na ufuta. Nyingi zina maneno mazito yanayostahiki kujibiwa. Lakini baadhi yake hazina jina la mwandishi wala mahali pa kupeleka jawabu. Tulipouliza sababu tuliambiwa, "Tunaogopa nyumba zetu kujulikana." Khofu hiyo hatuicheki. Mtu aliye mgeni, tena amepanga chumba katika nyumba ya watu, hapendi kila mkono unaopitisha bahasha yake ujue mlango wake. Lakini dawa ya khofu hiyo si kufuta jina. Dawa ipo, ni ya zamani, na ni halali.

Kumbukeni barua za wazee wetu. Bahasha aliyokabidhiwa nahodha wa jahazi iliandikwa jina la mtu, jina la baba yake na mtaa wake, basi. Namba ya nyumba haikuwamo, na barua ilifika. Posta ilipoenea katika nchi zetu, desturi iliyoshika mizizi ikawa ni ya sanduku. Barua haimfuati mtu nyumbani kwake. Humngojea katika sanduku lenye namba, naye huiendea na ufunguo wake. Ndiyo maana mpaka leo twaandika jina, S.L.P. na mji. Mwenye kuisoma bahasha hujua uko mji gani, asijue unalala wapi.

Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, bara na visiwani. Njia zilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Sisi ni wapinzani, lakini hatupingi jambo kwa kuwa tu limetoka serikalini. Namba ya nyumba humsaidia mgonjwa kufikiwa na gari, na aliyeunguliwa kufikiwa na zimamoto. Lakini namba kuwako ukutani ni jambo moja, na kuiandika juu ya kila bahasha ni jambo jingine.

Basi mfanye nini? Kwanza, asiye na sanduku aombe idhini ya mwenye nalo, ikiwa ni skuli, msikiti, duka au chama cha ushirika. Aandike jina lake, kisha "kwa mkono wa" fulani, kisha S.L.P. na Nachingwea. Pili, wachache wakichangiana ada ya mwaka wanaweza kukodi sanduku moja, na ufunguo ukawekwa kwa mwaminifu wao. Tatu, sanduku hilo hilo liandikwe nyuma ya bahasha, ili barua ikikosa njia ipate pa kurudi. Bahasha isiyo na marejeo ikimkosa mwenyewe, yaweza kufunguliwa na karani anayetafuta ilikotoka. Hapo mliotaka siri mtakuwa mmeifichua wenyewe.

Wala msijidanganye. Muhuri wa posta hutaja mahali barua ilipotiwa, na posta humjua aliyekodi sanduku. Sanduku hukustirini na macho ya wapita njia; halikustirini na sheria. Anayetaka kutukana watu na kukimbia, asitake msaada wetu.

Tena nyinyi mnakaa katika wilaya yenye kumbukumbu. Hapa Nachingwea ndipo FRELIMO ilipokuwa na kambi yake ya mafunzo wakati wa kupigania uhuru wa Msumbiji. Kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Aliletewa kifurushi cha kitabu, alipokifungua, kikalipuka. Aliyekituma hakuwa na haja ya kujulikana. Twajifunza hapo kwamba anayepokea naye ana haki yake. Ana haki ya kujua nani anamwandikia. Kuficha nyumba yako ni kujihifadhi. Kumficha mwenzako jina lako ni kumwacha gizani.

Na kwa chama kama chetu, khatari ni kubwa zaidi. Mwanachama akituandikia kwamba amedhulumiwa, nasi tukaisoma barua isiyo na jina mbele ya mkutano, mahasimu wetu watasema tumeiandika wenyewe usiku uliopita. Tutajibu nini? Hatuna mtu wa kumwuliza, hatuna shahidi, hatuna pa kupeleka jawabu. Dhulma ya kweli itageuka uvumi, na aliyedhulumiwa atabaki na dhulma yake.

Nasi tunajua kuwa jina huaminishwa kwa mwenye kulihifadhi. Basi nasi twatoa ahadi. Barua zenu zitafunguliwa na Katibu peke yake, na zitafungiwa kabatini. Jina la mwandishi halitapigwa chapa katika karatasi hii bila ya ruhusa yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 16, inatambua heshima ya maskani ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi. Chama kinachoidai serikali iiheshimu haki hiyo hakiwezi kuivunja ndani ya afisi yake.

Kwa hivyo tuandikieni. Andikeni yaliyo kweli, tieni jina, tieni sanduku, na nyumba zenu ziacheni nyumbani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nasi twakuombeni mtufanye kata yenu.

Wassalaam alaykum.