Barua za Ofisi Zikae Mikononi mwa Ofisi
Mhadhara wa umma kwa watu wa Bunia na Bule



Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza, na mshtakiwa alitoka kwetu Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Thomas Lubanga, aliyepatikana na hatia ya kuandikisha watoto na kuwatumia vitani. Ikafuata hukumu ya Germain Katanga juu ya shambulio la Bogoro la 24 Februari 2003, kisha ya Bosco Ntaganda, aliyepewa kifungo cha miaka 30 mwaka 2019. Majina ya vijiji vyetu yamo katika majalada ya mahakama hiyo. Anayeshika barua zake anashika pia sehemu ya historia yetu.

Februari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya vikwazo dhidi ya mahakama hiyo, na mwendesha mashtaka mkuu, Karim Khan, akawekewa vikwazo. Mei mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba Khan amepoteza anwani yake ya barua pepe ya Microsoft. Kampuni ilijibu kuwa haikusimamisha huduma zake kwa mahakama. Ilipofika Oktoba ikajulikana kwamba mahakama inaachana na programu za ofisi za Microsoft na kuhamia openDesk, mkusanyo wa programu huria unaosimamiwa na Zendis, taasisi ya serikali ya Ujerumani. Ndani ya openDesk, kazi ya barua pepe na kalenda hufanywa na Open-Xchange.

Hoja yangu leo ni moja. Kila ofisi ya Ituri, iwe ya hospitali, ya jimbo, ya chuo au ya shirika linalohudumia wakimbizi, iwe na uwezo wa kuhamisha barua na kalenda zake bila kumwomba mtu ruhusa. Programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzikagua na kuzirekebisha, zinatupa uwezo huo, kwa sharti kwamba fedha tulizokuwa tukilipia leseni tuzitumie kufundisha mafundi wetu.

1. Barua ya Bule

Tuangalie Bule, katika teritwari ya Djugu. Usiku wa kuamkia 2 Februari 2022, wanamgambo wa CODECO waliivamia kambi ya Plaine Savo, jirani na Bule, wakaua watu wasiopungua 60 waliokuwa wamekwisha kukimbia makwao. Baada ya msiba wa namna hiyo huandikwa orodha: waliokufa, waliojeruhiwa, familia zilizohama tena, dawa zinazohitajika. Siku hizi orodha hizo husafiri kwa barua pepe, kutoka kwenye simu ya muuguzi hadi Bunia, Kinshasa na Geneva.

Miaka kumi baadaye mpelelezi, mwanahistoria au yatima atakuja kuziulizia. Kama ziliandikwa kwa anwani binafsi ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, au kwa akaunti ya mradi iliyofungwa siku mradi ulipomalizika, hatazipata. Mwenye ofisi atakuwepo, na kumbukumbu za ofisi hazitakuwepo.

2. Gharama ya kukaa tulipo

Seva ya Microsoft inayoitwa Exchange imetumika maofisini kwa miaka mingi, na inafanya kazi yake vizuri: barua, kalenda, vyumba vya mikutano, anwani, vyote mahali pamoja. Ila matoleo ya 2016 na 2019 yalifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Toleo lililofuata linataka malipo yanayorudiwa muda hadi muda. Ofisi inayoishi kwa ufadhili wa mwaka mmoja mmoja haiwezi kuahidi malipo yasiyo na mwisho.

Usalama nao haununuliwi kwa leseni peke yake. Machi 2021 makumi ya maelfu ya seva za Exchange duniani ziliingiliwa kwa sababu ya mianya iliyokuwa ndani ya programu. Programu huria pia hushambuliwa. Zimbra, inayoendesha barua pepe, ilipatwa na hayo mwaka 2022. Kinachoiokoa ofisi ni fundi anayeweka marekebisho siku yanapotolewa. Fundi huyo lazima alipwe, seva iwe ya aina yoyote.

3. Waliohama kabla yetu

Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilikamilisha uhamaji wake wa barua pepe Oktoba 2025. Masanduku ya barua zaidi ya 40,000, yenye barua na miadi zaidi ya milioni 100, yalitoka Exchange yakaingia Open-Xchange, na wafanyakazi wakapewa programu huria ya Thunderbird ya kusomea barua badala ya Outlook ya Microsoft. Jiji la Munich, kwa upande wake, lilihamisha kompyuta takriban 15,000 kwenda Linux, kazi ikaisha mwaka 2013, na mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows. Uongozi ulibadilika, na malalamiko ya watumiaji yalikuwa yamerundikana. Uhamaji usiokuwa na mkuu wa kuutetea, wala mafunzo kwa karani, huishia hapo.

4. Inawezekana Bunia?

Nasikia pingamizi: umeme wetu hukatika, na mtandao husuasua. Jibu limo katika kanuni za barua pepe zenyewe. Seva inayotuma ikikuta seva yako imezimika, haitupi barua. Huiweka foleni na kujaribu tena. Kanuni hizo, ziitwazo SMTP, zinashauri iendelee kujaribu kwa siku 4 hadi 5. Umeme ukikatika usiku mzima, barua ya Geneva itaingia asubuhi jenereta ikiwashwa au jua likichomoza juu ya paneli.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Postfix, iliyotolewa na Wietse Venema mwaka 1998, hupokea na kutuma. Dovecot, ya Timo Sirainen, hutunza masanduku. SOGo huendesha kalenda. Kwa ofisi ya watu hamsini, kompyuta moja yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha.

Ugumu wa kweli uko kwenye kalenda. Barua huhamishwa kwa programu iitwayo imapsync, sanduku baada ya sanduku, huku ofisi ikiendelea na kazi. Miadi inayojirudia, ruhusa ya katibu kufungua kalenda ya mkurugenzi, chumba kinachogombewa na idara mbili: hivyo vinataka kukaguliwa kimoja kimoja. Nchi yetu ina kanda mbili za saa. Mkutano wa saa nne asubuhi Bunia ni saa tatu Kinshasa. Fundi akiweka seva kwa saa za Africa/Kinshasa badala ya Africa/Lubumbashi, ofisi nzima ya Bunia itakosa mikutano kwa saa moja, na lawama zitaangukia programu.

Halafu nakala. Mei 2003 mji huu wa Bunia uliporwa. Mwenye kukumbuka siku zile hawezi kuweka barua zote katika chumba kimoja. Nakala ya kila usiku, iliyofungwa kwa msimbo wa siri, ikae Kisangani au Kampala.

5. Ninachowaomba

Wakuu wa ofisi, andikisheni jina la mtandao la taasisi yenu kwa jina la taasisi, si la fundi wala la mfadhili. Hatua hiyo ni ya bei ndogo, na bila hiyo nyingine zote ni kazi bure. Kisha anzeni na idara moja, mwaka mmoja, mifumo miwili ikienda sambamba, kabla ya kuzima ule wa zamani.

Walimu wenzangu wa vyuo vya Bunia, uendeshaji wa seva ya barua uingie katika masomo ya vitendo, na mwanafunzi asihitimu kabla hajaiwasha, hajaiharibu na hajaitengeneza upya.

Wafadhili, mkiwa na dola za leseni, zilipeni kama mshahara wa fundi wa hapa.

Nanyi vijana wa Bule na Djugu, kazi hii inawangoja. Jifunzeni, maana kumbukumbu za watu wetu hazitatunzwa vizuri na mtu yeyote kuliko ninyi.