Kuhamisha Hesabu za Kampuni ya Ujenzi

Kila mmoja na awe na karatasi na kalamu mbele yake, kwa sababu leo tutapiga hesabu pamoja.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya programu za zamani za kompyuta katika kampuni za ujenzi, na jinsi ya kuzibadili. Yamkini mmoja wenu atasema, “Mimi kazi yangu ni kubeba mawe na kuchanganya simiti. Mambo ya kompyuta ya ofisini yanihusu nini?” Ndugu yangu, swali lako ni zuri, na jibu lake ni fupi. Jina lako limo ndani ya kompyuta ile. Siku ulizofanya kazi zimo humo. Mshahara wako wahesabiwa humo, na akiba ya uzee wako yatoka humo. Hesabu ikiharibika ofisini, atakayelala na njaa si kompyuta.

Kwanza tuelewe neno lenyewe. Programu ni nini? Kompyuta ni mashine tu, haijui mshahara wala mtu. Programu ni maagizo yaliyoandikwa hatua kwa hatua ili mashine iyafuate. Fikirini nyapara anayemwagiza kijana mgeni: “Tia karai moja la simiti, makarai mawili ya mchanga, na makarai manne ya kokoto.” Kijana atafanya hivyo leo, kesho na keshokutwa. Lakini mhandisi akibadili kipimo, na kijana asiambiwe, ataendelea kuchanganya kama jana. Yeye hana kosa, maana amefuata maagizo. Nyumba ndiyo itakayopata ufa. Programu ni kama kijana huyo, ila yeye aweza kuuliza, na programu haiulizi kamwe.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme iko kampuni ya ujenzi katika Kenya, yenye mafundi na vibarua 300. Miaka mingi iliyopita mwenye kampuni alimwajiri mtaalamu amwandikie programu ya mishahara. Programu ikafanya kazi vizuri. Kila mwisho wa mwezi karani aliingiza siku za kazi kutoka daftari la mahudhurio, na mashine ikatoa hesabu ya kila mtu. Watu wakalipwa, wakaridhika.

Wakati ule sheria ilisema kwamba mfanyakazi akatwe shilingi 200 kwa mwezi kwa ajili ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, na mwajiri aongeze shilingi 200 nyingine. Mtaalamu aliiandika namba 200 ndani kabisa ya maagizo, mahali ambapo karani hawezi kuigusa. Hakudhani kwamba siku moja itabadilika. Ikadumu miaka mingi, hata yeye mwenyewe akaenda zake, na hakuna aliyebaki anayejua maagizo yale yameandikwaje.

Kisha sheria zikabadilika. Mwezi wa Februari 2023 makato ya NSSF yakaanza kuhesabiwa kwa asilimia 6 ya mshahara, hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri akatakiwa atoe kiasi hicho hicho. Mwezi wa Julai 2023 ikaanza ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri. Mwezi wa Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ada ile hailingani na Katiba, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ikasimamishwa. Mwezi wa Machi 2024 sheria mpya ikatiwa sahihi, ada ikarudi. Na mwezi wa Oktoba 2024 bima ya afya iliyojulikana kwa jina la NHIF ikaondoka, ikaja SHIF, ambayo hukata asilimia 2.75 ya mshahara wote.

Haya, shikeni kalamu. Fundi mwashi alipata shilingi 20,000 kwa mwezi wa Novemba 2024. Tuhesabu makato yake. NSSF, asilimia 6 ya 20,000, ni shilingi 1,200. SHIF, asilimia 2.75, ni shilingi 550. Ada ya nyumba, asilimia 1.5, ni shilingi 300. Jumlisheni. Mmepata ngapi? Jumla ni shilingi 2,050. Kwa hiyo fundi alistahili kupokea shilingi 17,950.

Na ile programu ya zamani ingesemaje? Kwa NSSF ingekata shilingi 200, kama ilivyoagizwa zamani. Fundi angeliona fedha zaidi mkononi, akafurahi. Lakini tazameni upande wa pili. Kila mwezi shilingi 1,000 zingekosekana katika akiba yake, na shilingi 1,000 za mwajiri zingekosekana pia. Hizo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Zidisheni kwa miezi 12: shilingi 24,000 kwa mwaka mmoja. Siku atakapozeeka, mgongo ukikataa kuinama, atakwenda kuuliza akiba yake, na ataambiwa kwamba haipo. Hiyo ndiyo hasara ya programu isiyobadilika, na haionekani siku ile inapotokea.

Katika kampuni nyingine karani hujaribu kuokoa mambo. Programu ikitoa hesabu isiyo sahihi, yeye huipiga upya kwa kikokotoo, mtu mmoja mmoja, kisha huandika majibu katika karatasi nyingine. Ni kazi ya uaminifu, lakini watu 300 ni wengi. Macho huchoka, namba 6 huonekana kama 8, na mtu mmoja hulipwa pungufu. Baada ya muda kampuni ina hesabu mbili, ya mashine na ya karani, na hizo mbili hazipatani. Mkaguzi akija, aamini ipi?

Iko hatari nyingine pia. Programu ya zamani mara nyingi huhitaji mashine ya zamani. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitengeneza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, lakini ofisi nyingi ziliendelea kuitumia kwa sababu programu zao hazikukubali kukaa penginepo. Mashine isiyopata matengenezo ni kama mlango wenye kitasa kibovu. Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150. Ilifunga hesabu zilizomo ndani ya kompyuta, kisha ikadai fedha ili izifungue. Dawa ya kuizuia ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimetiwa dawa hiyo, na miongoni mwao zilikuwamo hospitali za Uingereza.

Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Uzee wa programu si kosa. Nyundo ya babu bado hupigilia msumari. Jambo la kuuliza ni hili: je, sheria ikibadilika leo, programu hii yaweza kubadilishwa kabla ya siku ya mshahara? Na je, yuko mtu anayeweza kuibadilisha? Kama jibu ni hapana, hapana budi kuhama.

Basi, kampuni ihame namna gani? Mwashi mwema havunji nyumba ya zamani kabla ile mpya haijaezekwa. Na hapa pia ni hivyo hivyo. Ziko hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuwauliza watu wanaoifanya kazi yenyewe. Mara nyingi mkurugenzi hununua programu mpya kwa kusikiliza maneno ya muuzaji tu. Yafaa amwulize karani, nyapara, na mtunza bohari. Karani ndiye ajuaye kwamba vibarua wa siku hulipwa kila Jumamosi, bali mafundi hulipwa mwisho wa mwezi. Nyapara ndiye ajuaye kwamba siku ya mvua kubwa watu huandikwa nusu siku. Mambo kama hayo hayamo katika kitabu chochote, na muuzaji hawezi kuyajua asipoambiwa.

Hatua ya pili ni kusafisha hesabu za zamani. Katika orodha utakuta Juma Ali, Ali Juma, na J. Ali. Je, ni watu watatu au mtu mmoja? Utakuta mtu ambaye namba yake ya kitambulisho haikuandikwa. Utakuta mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwa tarakimu mbili tu, 65, kwa sababu zamani watu waliokoa nafasi katika kompyuta. Ukihamisha takataka kutoka nyumba ya zamani hadi nyumba mpya, nyumba mpya itakuwa na takataka. Kwa hiyo kila jina lilinganishwe na kitambulisho, na mwenye jina aitwe aulizwe.

Hatua ya tatu ni kuziendesha programu mbili pamoja. Kwa muda wa miezi miwili au mitatu, mshahara uhesabiwe kwa ile ya zamani pamoja na masahihisho ya karani, na pia kwa ile mpya. Kisha majibu yalinganishwe mtu kwa mtu. Yakitofautiana, hata kwa shilingi moja, itafutwe sababu. Huenda kosa likawa katika ile mpya, na huenda likawa katika ile ya zamani, kosa lililojificha kwa miaka kumi.

Hatua ya nne ni kuhama kidogo kidogo. Anza na kiwanja kimoja cha ujenzi chenye watu 30. Kikienda vizuri, ongeza cha pili. Wako waliohamisha kila kitu kwa mara moja wakapata taabu kubwa. Mwezi wa Aprili 2018 benki moja ya Uingereza, jina lake TSB, ilihamisha hesabu za wateja wake milioni 5 hivi katika siku za mwisho wa juma. Hesabu zenyewe zilifika salama, lakini mitambo mipya haikuwa tayari kubeba mzigo ule. Watu wapatao 1,900,000 wakashindwa kuzifikia fedha zao, wengine kwa muda wa majuma. Desemba 2022 benki hiyo ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kama benki yenye wataalamu wengi yaweza kujikwaa hivyo, kampuni ya watu 300 yapaswa kwenda kwa uangalifu.

Na hata baada ya kuhama, madaftari ya zamani yasitupwe. Nakala za mishahara ya miaka iliyopita zihifadhiwe mahali pakavu, na nakala za kompyuta ziwekwe mahali pawili mbalimbali. Mzee atakayedai akiba yake baada ya miaka 20 atahitaji ushahidi.

Wenye kampuni hulalamika kwamba kubadili programu ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Lakini kutobadili pia kuna gharama yake, tena mara nyingi mlipaji wake ni yule asiyejua kwamba analipa. Ndiyo maana nimelileta somo hili kwenu ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika.

Maana wewe pia unayo kazi katika jambo hili. Kampuni ikitangaza kwamba inahama, usiseme ni habari ya wakubwa. Peleka kitambulisho chako, utazame jina lako limeandikwaje. Omba karatasi ya mshahara, uisome mstari kwa mstari: siku ulizofanya kazi, mshahara wote, kila kato na jina lake, na kiasi kilichobaki. Zidisha na utoe mwenyewe kama tulivyofanya leo. Ukiona tofauti, mwendee karani kwa adabu, useme, “Naomba tuitazame hesabu hii pamoja.” Hakuna anayekuvunjia heshima kwa kukujibu, wala wewe humvunjii heshima kwa kuuliza. Kisha ihifadhi karatasi hiyo pamoja na za miezi iliyopita. Mwenye karatasi zake mkononi hawezi kupotezwa na kompyuta yoyote, ya zamani au mpya.

Sasa maswali ya kuzungumza katika darasa lenu. La kwanza: programu ni nini, nayo yafananaje na maagizo ya nyapara? La pili: kwa nini yafaa kuendesha programu mbili pamoja kabla ya kuiacha ile ya zamani? La tatu ni la hesabu: kwa makato yale yale ya Novemba 2024, mfanyakazi aliyepata shilingi 16,000 alikatwa kiasi gani kwa NSSF, kwa SHIF, na kwa ada ya nyumba, na alibakiwa na shilingi ngapi?

Andikeni majibu katika madaftari yenu, na mwalimu wenu ayasahihishe. Na aliye na karatasi yake ya mshahara nyumbani, aje nayo siku ya darasa. Kwaherini.