NGAZI ZA KUOKOKEA MOTO NA CHETI CHAKE



Katika miji ya zamani ya Marekani, kama Boston na New York, nyumba nyingi za ghorofa zina ngazi za chuma zilizofungwa ukutani kwa upande wa nje. Kila ghorofa ina jukwaa lake dogo la chuma, na kutoka jukwaa moja hadi jingine mna ngazi ya kushukia. Kazi yake ni moja tu: moto ukiziba ngazi za ndani, watu wapate njia ya pili ya kuokoa roho zao. Huenda ngazi hizo zikakaa miaka mingi zisikanyagwe na mtu, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa maana kitu kisichotumiwa hakiulizwi hali.

Tarehe 22 Julai 1975, nyumba moja katika mtaa wa Marlborough, mjini Boston, ilishika moto. Msichana wa miaka 19 na mtoto wa miaka 2 walikimbilia jukwaa la nje, na askari mmoja wa zimamoto akateremka kutoka juu ya paa ili awakinge na joto. Ngazi ya gari la zimamoto ilikuwa karibu kabisa, na askari alikuwa amenyosha mkono kuishika, mara jukwaa likang'oka. Askari alining'inia kwa mkono mmoja akapona. Wale wawili walianguka kiasi cha futi 50. Msichana akafa, mtoto akaishi, kwa kuwa alimwangukia mwenziwe. Mpiga picha wa gazeti, Stanley Forman, aliyaona hayo yote kwa kamera yake, na picha zake zikapewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1976. Wakuu wa Boston na wa miji mingine wakashtuka, wakaamuru ngazi zikaguliwe.

Hivi leo sheria ya majengo ya Massachusetts, jimbo ambalo Boston ni mji wake mkuu, yataka kila ngazi ya nje na kila roshani ya kutokea ichunguzwe na kuthibitishwa kila baada ya miaka 5. Mwenye nyumba humwita injinia aliyeandikishwa, au fundi mwingine anayekubaliwa na afisa wa majengo. Huyo akiridhika, hutia sahihi hati ya kiapo, na hati hiyo hupelekwa kwa afisa. Asiporidhika, huandika orodha ya matengenezo, na cheti hakipatikani mpaka yafanyike.

Injinia hutazama nini? Kwanza hutazama mahali chuma kinapoingia ukutani. Maji ya mvua hupenya hapo, chuma kikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Basi huvimba na kupasua chokaa na matofali. Bolti hulika ndani, ambako jicho halifiki. Kisha hugonga vidato na kutikisa vyuma vya kushikia mikono. Akiwa na shaka, huagiza jukwaa lijaribiwe kwa mzigo. Kipimo kinachotumika sana Marekani ni ratili 100 kwa kila futi moja ya mraba, maana watu wakikimbia moto husimama wamebanana.

Wako wenye nyumba wanaoona ni gharama bure, wakaipaka ngazi rangi mpya ili ipendeze. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi iliyopakwa juu ya kutu haiongezi nguvu, bali humficha adui. Wapangaji nao wana sehemu yao. Ngazi iliyojazwa vyungu vya maua na masanduku si njia tena.

Hata upya wa nyumba si dhamana. Tarehe 16 Juni 2015, huko Berkeley katika jimbo la California, roshani ya nyumba isiyotimiza miaka 10 ilivunjika vijana wakiwa katika karamu; 6 wakafa na 7 wakaumia. Mbao zilizoishika zilikuwa zimeoza kwa unyevu, zimefunikwa zisionekane. Mwaka 2018 jimbo hilo likatunga sheria kwamba roshani za namna hiyo, katika nyumba za kupanga zenye makao 3 au zaidi, zikaguliwe kila miaka 6.

Mambo hayo hayako mbali na Afrika ya Mashariki. Katika Mji wa Kale wa Mombasa ziko roshani za mbao, na hewa ya chumvi ya bahari hula chuma upesi. Tena kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi zataka ukaguzi kila miezi 12. Lakini karatasi haimbebi mtu. Kinachombeba ni bolti iliyo nzima ukutani, na cheti ni ushahidi tu kwamba kuna mtu aliyeitazama. Mpangaji anayeuliza, "Ngazi hii ilikaguliwa lini, na nani?" hafanyi utovu wa adabu. Anauliza habari za uhai wa watoto wake, na mwenye nyumba mwema atakuwa na jibu tayari.