Mashindano ya Bendi za Ngoma

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya walimu na wazazi mjini Nakuru)



Nimeombwa niseme machache juu ya mashindano ya bendi za ngoma, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa watu wengi huyaendea kama waendavyo kutazama mpira, kisha hurudi nyumbani wakiulizana, "Hivi wale walioshinda walishinda kwa nini?"

Mashindano ya namna hii si mageni kwetu. Tangu miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walikuwa na ngoma ya beni, iliyofuata mwendo wa bendi za askari. Walijigawa makundi mawili, Kingi na Scotchi, wakashindana kwa matarumbeta, kwa mavazi na kwa karamu, hata wengine wakamaliza mali zao. Katika Tanganyika walikuwako Marini na Arinoti, na Vita ya 1914–1918 iliieneza beni hata bara. Huko Marekani vijana wana chama kiitwacho Drum Corps International, kilichofanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa mwaka 1972 katika mji wa Whitewater.

Basi mtazamaji aangalie nini? Kwanza aitazame miguu. Bendi ya gwaride huenda kwa kadiri ya hatua 120 kwa dakika, yaani kila hatua ni nusu sekunde. Lakini sauti husafiri kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Bendi ikiwa mbali nawe mita 85, mlio wa ngoma hukufikia ukiwa umechelewa robo sekunde, nao mguu uliopigiwa mlio huo umekwisha kukanyaga, na mwingine uko hewani. Ndipo watu wa upande wa mbali hupiga kelele, "Wamekosea!", kumbe hawakukosea. Taabu hiyo huwapata wachezaji wenyewe pia safu ikiwa ndefu, na ndiyo sababu kiongozi hubeba fimbo ndefu na kuiinua juu: jicho halicheleweshwi kama sikio. Ukitaka kuhukumu kwa haki, keti katikati ya uwanja.

Jambo la pili ni ngozi. Ngozi ya mnyama hulegea ikipata unyevu. Tangu miaka ya 1950 zimekuwako za plastiki, zisizojali mvua, lakini ngoma ya zamani yenye ngozi halisi bado hupendwa kwa mlio wake.

Mwezi wa Julai 2016 nilikuwa kiwanjani hapa Nakuru alasiri moja, shule kadhaa zikishindana. Wingu lilishuka kutoka Menengai, na mvua ikanyesha kama robo saa. Bendi iliyofuata ilikuwa ya watoto wa shambani, ambao ngoma yao kubwa ilikuwa moja tu, na wazazi walikuwa wameichangia. Ilipopigwa ikatoa mlio kama wa debe lenye nguo. Kisha, walipokuwa wakigeuka kulia, mkanda ukakatika. Ngoma ikaanguka na kubingirika hata kwenye miguu ya waamuzi.

Watu walicheka sana, nami sikuwaona kuwa na adabu. Lakini msichana mmoja mwenye ngoma ndogo aliacha kupiga ngozi, akaanza kupiga ukingo wa mti, ka, ka, ka, pasipo kuharakisha wala kukawia. Safu nzima ikamfuata. Walimaliza mizunguko yote miwili kwa mlio ule mkavu tu, na kicheko kikakoma chenyewe.

Waamuzi walibishana muda mrefu. Mmoja alisema kwamba chombo kilichoanguka hupunguziwa alama, na kanuni ni kanuni. Mwingine alisema kwamba mkanda si mchezaji. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki: alama za vyombo zipunguzwe, lakini za mwendo zibaki zote, kwa maana mwendo haukuvunjika. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, nao wakawa wa tatu.

Mwalimu wao alitaka kuikausha ngoma karibu na jiko la makaa. Mzee mmoja aliyewahi kupiga ngoma jeshini alimzuia, akalegeza kamba zote, akaiweka kivulini penye upepo. Ngozi ikaushwayo kwa moto hupasuka. Yataka siku nzima, pengine mbili, na mkanda mpya wa ngozi ushonwe mara mbili penye kifungo.